Fundo la Upande wa Kushoto

Siku ya tano ya kumtafuta mtoto Igiraneza, Rosalie Muhawenimana alifika kwenye ziwa saa mbili asubuhi, buti zake zimejaa matope ya Kirolirwe. Yeye ndiye OPJ, afisa wa polisi anayechunguza makosa kule Masisi, na watu wote wanamwita Mama OPJ. Alikuta wengine wamemtangulia. Vijana kumi na wawili wa Karuba walikuwa wamekaa kwenye majani, mapanga yamelala kando yao, na mitumbwi miwili ya kuazima ilikuwa imevutwa mpaka kwenye maji.

Juu ya jiwe, mbali kidogo na vijana, alikaa Mama Colette, mama ya mtoto. Alikuwa amejitupia kitenge kifuani, kimefungwa upande wa kushoto, fundo mara mbili, kama wanawake wote wa Karuba. Sahani ya viazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya jana.

"Mama OPJ," akasema Valens bila kusimama. Valens ni mdogo wa mume wa Colette, na ndiye aliyewaleta wale vijana. "Mutoto iko pale." Akanyoosha panga kuelekea kisiwa cha Kaheri, kilima kidogo cha kijani katikati ya maji, na moshi wa majiko juu yake. "Tunangojea nini?"

"Munaningojea miye."

"Mpaka wakati gani?" Akageuka, akaonyesha safu ya kalitusi juu ya mlima wa magharibi. "Jua ikigusa ile miti na hatujaona mutoto, sisi tunavuka. Na hatuvuke na kalamu."

Rosalie hakubishana. Wao walikuwa kumi na wawili, yeye alikuwa mmoja. Akaenda kwenye jiwe, akachuchumaa mbele ya Colette, akafungua daftari.

"Mama Colette, turudie. Siku ya soko, ule mama ulimuachia mutoto saa ngapi?"

"Saa ine. Nilikuambia."

"Na ulirudia?"

"Dakika kumi. Ile pia nilikuambia."

"Papa Magloire mwenye kuuzisha unga anasema ulikuya na kilio wakati anakunja sheeting, ile turubai yake. Na Papa Magloire anakunja sheeting saa saba."

Colette akatazama viazi.

"Saa tatu nzima," Rosalie akasema polepole. "Ulikuwa wapi?"

"Walipandisha mufuko yangu ya maharagi ku lori ya wengine. Nikakimbia nyuma yake mpaka njia ya Mushaki. Mvua ikanikamata." Akajifuta uso na kiganja. "Nilisema dakika kumi juu niliogopa. Nilifikiri nikisema saa tatu, mutaacha kutafuta mutoto, mutaanza kunitafuta miye."

"Ule mama unamujua?"

"Nilikuwa namuonaka. Anauzisha samaki ya Kaheri, anachekesha soko yote. Ana uso muzuri."

"Jina yake?"

Colette akatikisa kichwa. Hakuwahi kumuuliza.

Mama unayesoma hapa, usikimbie kumhukumu. Jiulize kwanza ni mara ngapi umesema "nishikie mutoto kidogo" kwa mtu unayejua uso wake tu. Uso hauandikwi kwenye daftari la polisi. Siku ukipotelewa, watakuuliza jina, na wewe utabaki kueleza meno yake yalivyokuwa meupe.

"Na alienda na kitenge changu," Colette akaongeza, "kile cha ndege za bluu. Mwizi wa watu na wa vitu!"

Rosalie aliandika: kitenge, ndege za bluu. Kisha akapiga mstari chini yake mara mbili. Anayeiba mtoto hutupa nguo ya mama yake kwenye shimo la kwanza. Huyu aliondoka nayo.

*

Théoneste, mpiga kasia, ni mtu wa miaka hamsini mwenye mdomo usiopumzika. Alimtazama Rosalie akiingia kwenye mtumbwi na buti zake.

"Mama OPJ, unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Basi kaa katikati, usicheze. Miye najua kuogelea, lakini kuokoa muntu sijajifunza."

Walisukuma. Maji yalikuwa meusi na laini, na milima ya Masisi ilikuwa imesimama ndani yake kichwa chini, na ng'ombe wake, na mashamba yake ya maharagwe. Bata wa porini waliruka mbele yao. Kadiri walivyosogea, ndivyo Kaheri ilivyoanza kusikika: ngoma kidogo, wanawake wakiimba, na kelele za watoto ndani ya maji.

"Kuna sikukuu?" Rosalie akauliza.

"Leo wanakula maharagi mapya. Una bahati. Ao una uchawi." Théoneste akacheka peke yake. "Sasa sikiliza, nisipate aibu juu yako. Chakula ya kwanza wanakupa, usikatae. Mulango yoyote, usibishe na ngumi kama polisi, imba ao kohoa. Na usihesabu watu."

"Juu ya nini?"

"Samaki, hesabu. Kuku, hesabu. Watu, hapana. Bibi zao walikatazaka toka zamani. Halafu wakati wa vita wanaume fulani walikuya hapa na kalamu. Walihesabu nyumba, wakahesabu watu, wakaandika. Kesho yake..." Hakumaliza. Akapiga kasia mara tatu bila neno, jambo ambalo kwake ni kimya kirefu. "Njo vile. Toka pale, ukiuliza Kaheri mutu ngapi, watakuambia wametosha."

Rosalie akafunga daftari, akalitia ndani ya mfuko wa koti.

*

Watoto ndio waliowapokea. Walitoka majini wakiwa wanateleza kama samaki, wakashika mtumbwi, wakauvuta na mgeni wao ndani mpaka kwenye mchanga. Nyuma yao alikuja mwanaume mrefu mwenye kofia ya kanisani na rozari shingoni.

"Karibu Kaheri! Miye ni Papa Marcellin, katekista. Hapa njo miye napiga kengele." Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mti wa parachichi. "Na mama ni nani?"

"OPJ wa Masisi. Natafuta mutoto mwanamuke wa miaka mitatu. Anaitwa Igiraneza. Aliibiwa ku soko ya Kirolirwe siku tano zimepita."

Nyimbo zikakatika. Mama mmoja mnene, mikono imejaa maganda ya maharagwe, akasogea. Huyu anaitwa Emérence, na ndiye anayegawa samaki wa kisiwa kizima, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumkasirikia.

"Aliibiwa? Na nani?"

"Njo nimekuya kuuliza. Kuna mutoto wa kuibiwa hapa?"

Wakatazamana. Hayakuwa macho ya watu wanaoficha. Yalikuwa macho ya watu walioulizwa kama kuna tembo ndani ya sufuria.

"Wa kuibiwa haiko," Emérence akasema.

"Kuna mutoto mugeni?"

"Mugeni haiko. Mwenye kukula hapa njo wetu."

"Basi hapa batoto wote wako ngapi?"

Alijua ni kosa kabla ya kufunga mdomo. Bibi mmoja akapiga makofi mara moja, kama anayefukuza kuku. Watoto wakatawanyika, kila mmoja nyuma ya kitenge cha mama fulani. Théoneste, pale kwenye mtumbwi, akajipiga paji la uso.

"Wametosha," Papa Marcellin akasema kwa upole. "Mama OPJ, wametosha."

Sasa walimtazama vingine. Rosalie akaomba ruhusa ya kutembea. Hawakumkatalia, wakamfuata tu, kisiwa chote, bibi na wajukuu wao, na Emérence mbele akimuonyesha kila kitu kama anayemuuzia: shamba la mihogo, majiko ya kukaushia samaki, kanisa la mbao lisilo na mlango, kaburi la mzungu mmoja aliyekuja kupima maji akaoa akabaki. Milango yote ilikuwa wazi. Yote isipokuwa mmoja.

Ilikuwa nyumba ndogo ya udongo upande wa chini. Mlango umefungwa, na kamba imezungushwa. Rosalie akasimama. Ndani, kitu kililia. Sauti nyembamba, ya kukatika, kama ya mtoto aliyelia mpaka akachoka.

"Nani anakaa hapa?"

Emérence akaanza kupepesa macho. "Hapa... hapa haiko kitu."

"Kunalia nini?"

"Mama OPJ, tuendelee mbele. Maharagi yanaiva."

Sauti ililia tena. Rosalie akakumbuka kukohoa. Akakohoa mara moja, akasubiri, kisha akafungua kamba na kusukuma mlango.

Kwenye giza la ndani alikaa mwanaume mzima juu ya ndoo, ameshika chupa ya mtoto. Kwenye mapaja yake kulikuwa na vitoto viwili vya mbuzi, kimoja kikinyonya, kingine kikilia zamu yake. Mwanaume akainua chupa mbele ya uso wake kama anayetaka kujificha nyuma yake.

"Funga mulango!" akanong'ona. "Ameisha kwenda?"

"Nani?"

"Mama mukwe wangu!"

Nyuma ya Rosalie kisiwa kizima kilipasuka kicheko. Ikaelezwa, kwa midomo kumi kwa mara moja: huyu ni Papa Evode; mama wa mke wake amevuka asubuhi kula maharagwe mapya; na mkwe hawezi kukutana na mama mkwe uso kwa uso, ni haya kubwa; kwa hiyo tangu saa moja Evode amefungiwa ndani na mbuzi waliokufiwa na mama yao.

"Umekula?" Rosalie akamuuliza.

"Nimekunywa ile ya mbuzi."

Hata Rosalie alicheka. Alipogeuka, watu walikuwa wamemsogelea tena, na bibi aliyefukuza watoto akamshika mkono. Kosa la kuhesabu lilikuwa limefutwa na mbuzi. Lakini jua lilikuwa limepita utosi, na kalitusi zilikuwa zinangoja.

*

Rimu ya lori ililia kwa chakula.

Rosalie aliketishwa kwenye mkeka karibu na majiko, mahali pa mgeni. Alipewa maharagwe mapya, bugali wa muhogo, samaki wa moshi aliyepikwa na majani ya maboga. Hakukataa. Alikula, na macho yake yakafanya kazi.

Kaheri, wakubwa wanakula kwenye sahani, watoto wanakula kwenye majani ya ndizi. Kila mama anakata majani kwa ajili ya watoto watakaokula kwake siku hiyo, anayapitisha kwenye moto yalainike, anayapanga chini, ndipo anagawa. Rosalie alitazama kila jiko. Kwenye jiko la kwanza majani na watoto vililingana. La pili vililingana. Kwenye jiko la tatu alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye sauti kubwa na meno meupe, ambaye kila alipofungua mdomo watu wanne walicheka.

Huyo alipanga majani yake chini. Rosalie akayahesabu. Majani, hakuna aliyekataza.

Tisa.

Watoto wakaja mbio wakaketi. Kila mmoja akavuta jani lake. Jani la mwisho likabaki bila mtu, na yule mama akaweka juu yake bugali kidogo, akachambua samaki, akatoa miba yote, mmoja mmoja, akaiangalia kwenye jua. Watoto wa kisiwa wanakula samaki na miba tangu wanaota meno. Nani basi wa kutolewa miba?

Mama akakunja lile jani, akaondoka nalo nyuma ya nyumba yenye mlango wa bluu.

Rosalie akaosha mikono, akasimama, akamfuata.

Nyuma ya nyumba, kwenye ua wa matete, kitenge cha ndege za bluu kilikuwa kimeanikwa. Hakikufichwa. Kimeanikwa juani, kimefuliwa, kinanukia sabuni, na mtu yeyote mwenye darubini angekiona kutoka ng'ambo. Chini yake, kwenye mkeka, mtoto wa miaka mitatu mwenye nywele zilizosukwa upya alikuwa anaamka usingizini, akijikuna tumbo. Tumbo la mviringo.

"Igiraneza," Rosalie akaita.

Mtoto akageuza kichwa. Kisha akaona jani, akasahau polisi, akasema neno moja: "Samaki."

"Umemuamusha," yule mama akasema bila hofu. "Asipomaliza usingizi anakuwaka na hasira. Kaa. Miye ni Verdiane. Umetumwa na mama yake? Njo vizuri. Nilikuwa najiuliza sababu gani hakunipatia nguo ya mutoto ya kubadilisha."

Rosalie hakukaa. Alikuwa anatazama kitenge. Kilikuwa kimeanikwa kama duara, kwa sababu hakikufunguliwa. Ncha zake mbili bado zilikuwa zimefungwa pamoja. Akalishika lile fundo. Mara mbili, limekaza. Akageuka kumtazama Verdiane, na kitenge alichovaa Verdiane kilifungwa katikati ya kifua, fundo moja la kulegea. Akakumbuka wanawake wote wa kwenye mikeka. Katikati. Wote.

"Mama Verdiane, hii fundo ni nani alifunga?"

"Mama yake! Ni nani tena?" Verdiane akashangaa. "Tulikuwa ku soko. Akakuya mbio, anahema, akavua kitenge chake mwenyewe, akanifunga mutoto mugongoni kwa mikono yake. Akaniambia 'nibebee.' Nikaona sura yake imechoka! Nikasema moyoni, maskini, huyu njo kweli anahitaji juma yake."

"Juma gani?"

Verdiane akamtazama kama anayemwonea huruma. Kisha akaeleza, huku akimlisha mtoto kwa vidole. Kaheri, mama akilemewa, na shamba, na ugonjwa, na maisha, anamfunga mtoto wake kwenye mgongo wa rafiki kwa kitenge chake mwenyewe. Hasemi mengi. Kitenge ndicho kinachosema. Rafiki anampa juma moja la kupumzika, mpaka soko linalofuata. Siku hiyo mama anakuja na kikapu, wanakula pamoja, na yeye mwenyewe ndiye anafungua fundo. Mtu mwingine hafungui.

"Na mukitaka kumubeba?"

"Tunapitisha kitenge ku kichwa, watu wawili, mutoto katikati, tunacheka mpaka tunaanguka."

"Hukumungoja pale soko?"

"Nilimungoja mpaka mutumbwi ya mwisho, ile ya saa sita. Mvua ikanyesha. Nikasema, anajua siku ya kuja." Kwa mara ya kwanza meno yake hayakuonekana. "Hakujua?"

"Yeye ni wa Karuba, mama. Kule ukifungia muntu mutoto, unamaanisha mpaka nitoke ku choo."

Verdiane akaweka jani chini. "Yesu wangu. Siku tano!"

"Siku tano. Hajakula. Na vijana kumi na wawili wanangojea jua iguse kalitusi, wakuye hapa na mapanga kutafuta mwizi."

Wote wawili wakatazama magharibi. Kati ya jua na miti palibaki upana wa viganja viwili.

*

Kaheri yote ilitaka kuvuka. Papa Marcellin alitaka kwenda na rozari, Emérence na mwiko, na mitumbwi minane ikaanza kusukumwa. Rosalie akasimama mbele yao na mikono amenyoosha.

"Hapana! Wakiona mitumbwi minane, watasema ni vita. Itaenda moja. Théoneste, miye, na mutoto."

"Nipatie mutoto nikubebee," Rosalie akamwambia Verdiane. "Wewe ubaki. Ni hatari."

"Nani atafungua fundo?"

"Mama Verdiane..."

"Ulisema mama yake hajakula siku tano. Miye nimekula kila siku. Sasa unataka niogope?" Akainamisha kichwa. Emérence na bibi wa makofi wakachukua kitenge cha ndege, mmoja huku, mmoja huku, wakakipitisha kichwani, wakamtia mtoto katikati, na licha ya yote wakaanza kucheka, kwa sababu mguu mmoja wa Igiraneza ulitokea kwenye shingo ya Verdiane. Wakamnyoosha. Emérence akaleta kikapu cha samaki wa moshi, akakiweka ndani ya mtumbwi bila kuuliza mtu.

Njiani Théoneste alipiga kasia kwa nguvu zote. Rosalie akatazama ufuko ukikaribia. Vijana walikuwa wamesimama. Mapanga yalikuwa mikononi. Valens alikuwa tayari ameweka mguu kwenye mtumbwi wa kwanza.

"Geuka," Rosalie akamwambia Verdiane.

"Nini?"

"Kaa ukitazama Kaheri. Uwapatie mugongo."

Verdiane akaelewa. Akageuka taratibu, mtumbwi ukayumba, Théoneste akamwita Bikira Maria, na mtu yeyote aliyekuwa ufukoni hakuona tena sura ya mwizi. Aliona kitenge cha ndege za bluu, na juu yake kichwa kilichosukwa vizuri, na mkono mdogo ulioshika nusu ya samaki.

Colette alikuwa wa kwanza. Alishuka kwenye jiwe, akaingia ndani ya maji na nguo zake, maji yakafika magotini, kiunoni, yeye ambaye, sawa na Rosalie, hajui kuogelea. Akashika ubao wa mtumbwi.

"Mama!" Igiraneza akasema, na kumwonyesha samaki.

"Mumushike mwizi!" Valens akapiga kelele, akitembea majini na panga juu. "Mama OPJ, andika! Andika mwizi!"

"Nitaandika." Rosalie akasimama, ingawa mtumbwi ulimkataza. "Valens, njoo karibu. Weye njo shahidi wangu. Tazama hii fundo. Iko upande gani?"

Valens akatazama. "Wa kushoto."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Mama wa Kaheri wanafunga katikati, mara moja. Bibi yako anafunga wapi?"

Valens akafungua mdomo. Nyuma yake mmoja wa vijana akasema polepole, "Kushoto. Mara mbili. Wote kwetu." Panga likashuka kidogo kidogo, mpaka ncha yake ikagusa maji.

"Mwizi hawezi kufunga ile fundo," Rosalie akasema. "Basi ni nani?"

Hakumtazama Colette. Alitazama daftari lake na kusubiri.

"Ni miye," Colette akasema. "Nilimufunga na mikono yangu. Na nilikaa saa tatu, haikuwa dakika kumi. Niliwadanganya wote." Akamgeukia shemeji yake. "Valens, weka ile panga. Ungemukata muntu juu ya haya yangu."

Kisha Rosalie akawaeleza kuhusu juma la kupumzika, na soko linalofuata, na kikapu. Aliposema kwamba Verdiane alikuwa anashangaa kwa nini hakupewa nguo za kubadilisha, kijana mmoja alijaribu kuzuia kicheko na kikamtoka puani. Wengine wakafuata. Walikuwa wamekaa tangu alfajiri na hasira. Zilipowatoka, zilitoka zote.

Colette alikuwa anapambana na fundo. Maji yalikuwa yamelikaza. Alivuta kwa vidole, akavuta kwa kucha, mwisho akainama akaling'ata kwa meno, na Verdiane mbele akisema, "Taratibu, dada, utaning'ata na miye." Fundo likafunguka. Mtoto akaanguka mikononi mwa mama yake, akaona haya kidogo, kisha akajilaza kwenye bega lake pamoja na samaki.

Walitoka majini wote. Emérence alikuwa amepakia samaki wa kutosha watu ishirini. Hakukuwa na kisu, kwa hiyo Valens akaosha panga lake mara mbili, akalifuta kwenye majani, akaanza kupasua samaki juu ya jiwe la Colette. Jua likagusa kalitusi. Hakuna aliyegeuka kulitazama.

Rosalie akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi kuandika. Aliandika siku, aliandika mahali, aliandika hali ya mtoto: mzima, amenenepa. Akainua kalamu.

Colette alikuwa amekunja kitenge cha ndege vizuri, akakiweka mikononi mwa Verdiane kama zawadi. Halafu akabaki amesimama, mtoto begani.

"Mama," akasema. "Pardon. Unaitwa nani?"

Verdiane akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka akaketi chini kwenye majani.

"Verdiane! Verdiane wa Kaheri, nyumba ya mulango wa bluu." Akajifuta macho. "Ngoja kwanza, dada. Siku tano nimelisha mutoto wako, nimemusuka nywele, nimemutolea miba. Na weye? Weye unaitwa nani?"